Je, wajua kwa nini kikombe cha mahindi hakiozi mchangani?

Siku hizi ukiagiza juisi ya ukwaju kwenye baadhi ya mikahawa ya Nyali, Mombasa, utapewa kikombe chembamba kinachoonyesha kama bilauri, chenye chapa ya jani la kijani na maneno kwamba kimetengenezwa kwa mahindi. Mimi nilikiamini. Nikajiambia: mahindi ni chakula, chakula huoza, basi na hiki nikikifukia kitaoza. Kabla ya masika nikakifukia nyuma ya nyumba, chini ya mnazi. Mvua zikanyesha, zikaisha, kusi ikashika, nikaenda kufukua. Kilitoka kizima, jongoo kakifanya nyumba, jani la kijani bado linasomeka. Shangazi alikuwa uani akipaa samaki. Akanitazama, akauliza, "Mwanangu, ulikipanda ukitaraji kimee?"

Kosa langu, nilikuja kugundua, ni la wengi. Nilidhani kitu kikitoka shambani kitarudi shambani chenyewe. Asili na mwisho ni mambo mawili mbalimbali, na walioasisi kemia ya kijani waliliona hilo mapema. Mwaka 1998 Wamarekani wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 za kutengeneza kemikali kwa njia isiyodhuru. Kanuni ya 7 inataka malighafi iwe ya kuota tena, kama mahindi au miwa. Ya 10 inataka kitu kiundwe hivi kwamba kazi yake ikiisha kivunjikevunjike kiwe vitu visivyo na madhara. Ni kanuni mbili kwa sababu moja haileti nyingine. Kikombe changu kilifaulu ile ya 7, mimi nikakipa na alama za ile ya 10.

Mifano ya kunisuta haikuwa mbali. Ingia nyumba yoyote kongwe ya Mji wa Kale uinue macho: boriti za mikoko zimebeba dari vizazi kwa vizazi. Ni mti mtupu, hauna chembe ya kiwanda, na haujaoza. Petroli yenyewe asili yake ni viumbe vya baharini vilivyofukiwa mamilioni ya miaka. Kioja zaidi kiko Brazil, ambako tangu 2010 kampuni ya Braskem inatengeneza poliethilini kwa miwa. Poliethilini ndiyo plastiki ya ile mifuko tuliyokatazwa Kenya mwezi Agosti 2017. Molekuli ni ile ile, na ikitupwa Kilindini itaelea vile vile, kwani bahari haina habari kama mfuko ulianza kwenye kisima cha petroli au shambani. Upande wa pili, zipo plastiki za petroli ambazo bakteria huzila. Kwa hiyo swali la "kimetengenezwa kwa nini?" halijibu swali la "kitaishia wapi?"

Historia ya kikombe chenyewe ni fupi. Wanga wa mahindi hugeuzwa sukari, sukari hupewa bakteria, nao hutoa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayotia maziwa lala ukali wake, na Carl Wilhelm Scheele wa Uswidi aliitenga kutoka maziwa yaliyochacha mwaka 1780. Vipande vya asidi hiyo vikiunganishwa kimoja kimoja hupatikana mnyororo mrefu, plastiki iitwayo PLA. Kampuni ya Cargill Dow, yenye kiwanda Blair, Nebraska, ilipewa tuzo ya rais wa Marekani ya kemia ya kijani mwaka 2002 kwa njia yake ya kuitengeneza. Tuzo hiyo, nionavyo, iliwastahili. Haikuahidi kwamba kikombe kitayeyuka chini ya mnazi wangu.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Usiku mmoja nilimpa muuza kahawa kikombe kingine cha aina hiyo, nikamwomba animiminie humo. Aliinua dele, kahawa ikashuka inafuka moshi, na kikombe kikalegea ubavu taratibu, kama mlinzi aliyepitiwa na usingizi. "Hiki si cha kahawa, ndugu yangu," akasema, akanipa kile chake cha kauri. Kitu kilichoishinda masika nzima kilinyong'onyea kwa kahawa ya shilingi chache. Mambo hayo mawili yana sababu moja.

Fikiria gubiti. Sukari ikiwa moto huvutika, unaisokota utakavyo. Ikipoa hukauka, ukiibana inavunjika kwa mlio. Sukari haikubadilika, ila molekuli zake zilizokuwa zikiteleza zimekwama pale zilipo. PLA nayo ina mpaka wake, kwenye nyuzi 55 hadi 60 hivi. Chini ya hapo minyororo yake imekwama, juu yake huanza kucheza. Kahawa ya dele ilikivusha kikombe mpaka huo. Mchanga wa chini ya mnazi, hata kwa joto letu hili, haukukifikisha.

Kukwama huko kunazuiaje kuoza? Kila kiungo cha mnyororo wa PLA kinaweza kukatwa na maji. Viungo viliundwa kwa kutoa maji, na maji yakirudi huvifungua. Lakini lazima kwanza yaingie. Umewahi kupanda feri ya Likoni saa ya kwenda kazini? Watu wamebanana, hakuna wa kusogeza hata kiwiko, na muuza njugu amesimama pembeni na kapu lake, hapiti. Feri ikigusa ng'ambo umati unaanza kujongea, nafasi zinafunguka, na muuza njugu anapenya hadi katikati. Maji ndiye muuza njugu. Joto likivuka mpaka, minyororo hujongea, maji hupenya na kukata. Kisha, na hapa ndipo ninapoipenda kemia, kila mkato huacha ncha yenye asidi, na asidi huharakisha mikato mingine. Kikombe hujisaidia kujiua.

Bakteria, ambao nilidhani ndio wangeanza kazi, huja mwisho kabisa. Mnyororo mrefu hauwapiti kooni, husubiri vipande vifupi. Ndiyo maana maneno "kinaweza kuwa mboji" yanayoandikwa kwenye vitu vya namna hii yanahusu kiwanda cha mboji, lundo linalotunzwa lenye joto na unyevu. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinadai asilimia 90 ya kitu igeuke hewa ya kaboni ndani ya miezi 6, na jaribio lake hufanywa kwenye nyuzi 58. Bahari ya Mombasa hucheza kati ya 25 na 30.

Ushahidi wa baharini upo, ila wa kusoma kwa uangalifu. Mwaka 2023 watafiti wa taasisi ya elimu ya bahari ya Scripps walieleza kwamba PLA waliyoiweka majini La Jolla, California, haikuonyesha dalili ya kuharibika baada ya siku 428. Maji ya kule ni baridi kuliko yetu, na wanakemia wana desturi ya kusema nyuzi 10 za ziada huongeza mwendo takriban mara mbili, kwa hiyo muda huo usihamishwe Pwani kama ulivyo. Halafu kuna jaribio la Plymouth, Uingereza, la 2019: mfuko mmoja wa "kuwa mboji" ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, na mwenzake aliyefukiwa ardhini alikuwepo bado baada ya miezi 27. Neno moja kwenye chapa linabeba plastiki za kila namna. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, lilionya tangu 2015 kwamba plastiki zinazoitwa za kuoza hazitapunguza sana taka za baharini. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana Nairobi kuandaa mkataba wa plastiki. Mazungumzo ya Geneva ya Agosti 2025 yalikwisha bila muafaka.

Ipo plastiki inayooza baharini kweli. Mwaka 1926 Maurice Lemoigne, mjini Paris, alikuta bakteria wanaojiwekea akiba ya chakula mwilini kama ngamia na nundu yake, na akiba hiyo ni aina ya plastiki, jamii inayoitwa leo PHA. Kwa kuwa ni chakula cha vijidudu tangu mwanzo, wapo wenye meno ya kukila, hata majini. Tatizo lake ni bei.

Kikombe changu cha mnazi kilichukuliwa na shangazi aoteshee mrehani. Alitaka kukitoboa chini maji yachuruzike, akagonga msumari, kikapasuka pembeni. Akaupasha msumari jikoni hadi ukawa mwekundu, akajaribu tena. Ukapita kama kwenye samli.