Timu Haihamwi Kama Duka: Dhana Potofu Kuhusu Mashabiki wa Mpira

Jumapili jioni matatu za kutoka Kisumu kwenda Luanda hujaa haraka. Wiki chache zilizopita nilibahatika kupata kiti nyuma ya dereva, nimevaa jezi ya Ingwe, yaani klabu ya AFC Leopards, tumefungwa, sina hamu ya maneno. Mzee aliyeketi kando yangu akanitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa upole: "Mama, hao watu wanakula pesa zenu bure. Mpira siku hizi ni biashara tu." Kabla sijamjibu tukawa tumefika Maseno, akashuka. Jibu langu nikabaki nalo kifuani mpaka nyumbani. Naliandika hapa, kwa ajili yake na kwa wote ambao nimewasikia wakisema maneno ya aina hiyo.

Dhana: Shabiki ni mteja na timu ni duka

Pesa zipo, hakuna anayebisha. Mchezaji ana kodi ya nyumba na karo ya watoto, na timu isiyolipa mishahara haifiki mbali. Lakini mteja ana tabia yake. Ukimuuzia unga wenye wadudu Jumatatu, Jumanne utamwona akiingia duka la jirani, wala hatajisikia vibaya.

Sasa tazama Ingwe. AFC Leopards ilitwaa ligi mwaka wa 1998, kisha ikapita zaidi ya miaka 25 bila taji lingine la ligi. Watoto waliozaliwa mwaka huo wamemaliza shule, wengine wana watoto wao, na bado wanavaa buluu na nyeupe. Gor Mahia nao baada ya 1995 walisubiri hadi 2013 ndipo wakatwaa ligi tena. Miaka 18! Hakuna aliyewaona K'Ogalo, kama tunavyowaita Gor, wakihamia timu nyingine eti kwa sababu bidhaa imeharibika.

Ulaya kwenyewe wenye pesa waliwahi kukosea hesabu hiyo. Aprili 2021 vilabu 12 vikubwa vilitangaza ligi yao ya peke yao, ambayo waanzilishi wake wasingeshuka daraja kamwe. Mashabiki wa Chelsea wakatoka wakaziba barabara nje ya uwanja wao, basi la wachezaji likashindwa kupita. Ndani ya siku chache vilabu vyote sita vya Uingereza vikawa vimejitoa. Mteja haandamani akitaka timu yake iendelee kubeba hatari ya kushuka daraja. Mwenye timu ndiye huandamana hivyo, kwa sababu anajua ushindi usio na hatari hauna ladha.

Dhana: Timu yenye kampuni nyuma yake haifi

Hii tuliiamini sana huku kwetu, na hatukuwa wajinga. Kanda ya sukari ilijaa timu za viwanda: Chemelil, Nzoia, Sony ya Awendo. Kijana akicheza vizuri anapata kazi, nyumba na mshahara wa mwezi. Mwaka wa 2006 Sony Sugar ikawa bingwa wa Kenya, timu ya mji mdogo uliozungukwa na miwa ikizipita zote za Nairobi. Kisha sekta ya sukari ikayumba, na timu zikayumba nayo. Mwaka wa 2019 Sony iliondolewa ligi kuu baada ya kushindwa kufika kwenye mechi zake.

Mwaka huohuo wa 2006 ambao Sony ilibeba kombe, Shabana ya Kisii ilishuka daraja. Jina Shabana asili yake ni duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisii, lililoiunga mkono timu ilipoanzishwa mwaka wa 1980. Kwa hesabu ya mzee wa matatu, timu hiyo ingezikwa palepale. Ilikaa ligi za chini miaka 17, kwenye viwanja visivyofika kamera, na watu wakaendelea kuifuata. Iliporudi ligi kuu mwaka wa 2023, Gusii Stadium ilifurika. Walioimba Tore Bobe, kibwagizo cha Shabana, siku hizo wengi wao hawajawahi kununua hata msumari katika duka lile. Jina lilianza kama la biashara, likaishia kuwa la watu, na hao watu ndio waliolitunza wakati halikuwa na faida kwa yeyote.

Dhana: Gor na Ingwe ni ukabila uliovaa jezi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo naumia.

Sikatai mizizi. Watu walipotoka vijijini kwenda mjini kutafuta kazi walishikana na wa kwao: kuzika pamoja, kuchangiana, kucheza pamoja. Ndiyo maana mwaka wa 1964 ilizaliwa Abaluhya United kwa kuunganisha timu za Waluhya, na mwaka wa 1968 ikazaliwa Gor Mahia kutokana na Luo Union na Luo Star, ikapewa jina la mganga aliyesifika wa Kanyamwa, Ndhiwa. Majina ya kikabila yalipopigwa marufuku, Abaluhya ikawa AFC Leopards, mwaka wa 1980. Na sikatai aibu. Mawe yamerushwa, viti vimeng'olewa, watu wameumia. Waliofanya hivyo walituvunjia heshima sote.

Lakini ukisema ni kabila tu, utaeleza vipi mengine? Langoni mwa Ingwe miaka ya 1980 alisimama Mahmoud Abbas, mtu wa Mombasa, aliyeitwa "Kenya One". Gor waliimba jina la Meddie Kagere wa Rwanda mpaka sauti zikakauka. Joe Kadenge alikuwa Mluhya, na sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni ikasambaza "Kadenge na mpira" nchi nzima, hata leo inasemwa na watoto wasiojua Kadenge alichezea timu gani.

Halafu jina la mechi yenyewe ya Gor na Ingwe: Debi ya Mashemeji. Tunaitana hivyo kwa sababu kweli tumeoana. Mimi ni wa Luanda, kwa Waluhya, nimeolewa Seme, kwa Waluo. Baba yangu alikuwa Ingwe, mume wangu na ndugu zake wote ni K'Ogalo, na sebuleni kwangu kuna mstari usioonekana unaopita katikati ya makochi.

Tarehe 5 Desemba 1987 nilikuwa mtoto. Baba alianika mawe ya redio, yaani betri, juani tangu asubuhi ili yapate nguvu, akaiweka redio kwenye dirisha la jikoni, waya wa eriali umefungwa kwenye mti wa mapera. Gor walikuwa wakicheza na Espérance ya Tunisia, mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Washindi Afrika. Kule Tunis walikuwa wametoka 2-2. Nikamuuliza baba mbona anahangaika na timu ya wenyewe. Akasema, "Leo mgeni amekuja kumpiga shemeji. Nyamaza tusikie." Mechi ikaisha 1-1, kombe likawa la Gor kwa mabao mengi zaidi ya ugenini, na hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara. Baba alitoka nje akasimama uani kimya, mikono kiunoni. Hakucheza wala hakupiga kelele. Alifurahi kwa namna ya mtu ambaye furaha si yake lakini ameruhusiwa kuigusa.

Alipofariki, mashemeji walikuja kutoka Seme kwa matatu mbili. Walivaa jezi za kijani. Nilipowaona wakiingia langoni moyo ulinidunda, nikadhani wazee wa kwetu watakasirika. Jeneza lilikuwa limefunikwa bendera ya Ingwe, ileile aliyoinunua baba 1998, yenye doa la chai kwenye kona moja. Ndugu mkubwa wa mume wangu, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kutamka jina la Ingwe bila kutikisa kichwa, alishika ile kona yenye doa. Kabla jeneza halijashushwa kaburini, yeye na kaka yangu waliikunja bendera taratibu, mara nne, na yeye ndiye aliyempelekea mama. Akapiga goti kidogo akimpa.

Niambie hapo kabila liko wapi, na biashara iko wapi.

Dhana: Mpira ni wa wanaume

Njoo uwanja wa Mumboha, pale Luanda, siku Vihiga Queens wanacheza. Mwaka wa 2021 wasichana hao walitwaa ubingwa wa kanda ya CECAFA (Afrika Mashariki na Kati), wakaenda Cairo kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake ilipochezwa kwa mara ya kwanza. Utawakuta mama mboga wamefunga vibanda mapema, wanabishana na refa kwa majina yote ya ukoo wake. Sina la kuongeza.

Dhana: Anayeshabikia timu ya Ulaya hajipendi

Ningetamani viwanja vyetu vijae zaidi, na huwa nawaambia vijana hivyo. Ila si haki kusema mapenzi yao ni ya uongo. Tarehe 7 Mei 2019 nilikuwa kwenye ukumbi wa kuonyesha mpira Kondele, Kisumu, Divock Origi akaifunga Barcelona mabao mawili katika zile nne za Liverpool. Babake, Mike Okoth, alichezea Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya. Amu yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor mwaka wa 1987. Mzee mmoja nyuma yangu alikuwa analia huku akiwaeleza vijana ukoo wote, jina kwa jina. Wao walikuja kutazama Liverpool, wakaondoka wamefundishwa historia ya Gor.

Dhana: Siku hizi watu wanafuata kamari tu

Wapo. Nimeona vijana wa mtaani kwetu wakiuza simu kwa ajili ya mkeka wa kamari, na jambo hilo linanikosesha usingizi. Lakini kamari na ushabiki ni vitu viwili hata vikikaa benchi moja. Mwenye mkeka akisikia filimbi ya mwisho, shughuli yake imekwisha. Anatazama simu, anaondoka.

Jumapili ile tuliyofungwa, filimbi ililia na wenye simu wakaondoka. Sisi tukabaki. Isikuti zilikuwa tatu kama kawaida: kubwa, ya kati na ndogo. Ndiyo ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiweka mwaka wa 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na sisi tunailinda pale jukwaani kila wiki. Binamu yangu anapiga ile ndogo. Ukanda wake ulikuwa umekatika kipindi cha pili, akaifunga na kamba ya kiatu chake, akawa amesimama na kiatu kimoja kilicholegea. Tulipiga mpaka wachezaji wakatoka vyumbani kwenda kupanda basi. Golikipa alitoka wa mwisho, ameinamisha kichwa, kwa sababu bao lile lilipita mikononi mwake. Binamu yangu akaanza kuimba jina lake, peke yake kwanza. Sote tukaitikia. Yule kijana akasimama mlangoni mwa basi, mguu mmoja juu ya ngazi, hakupanda mpaka wimbo ulipoisha.