Oili ya sintetiki kamili: soma nyuma ya chupa kabla hujalipa

Wenye magari wengi huuliza swali moja: niachane na oili ya kawaida nihamie sintetiki kamili? Kwa injini nyingi za miaka ya karibuni jibu ni ndiyo, na mara nyingi mtengenezaji ameshalitoa kwenye kitabu cha gari. Ila maneno "sintetiki kamili" yaliyochapwa kwa herufi kubwa mbele ya chupa hayakwambii kama oili hiyo inaifaa injini yako. Linalokwambia hilo ni zile namba na herufi ndogo za nyuma. Mnunuzi asiyezisoma anaweza kutoa pesa nyingi, akapata oili nzuri kabisa, lakini isiyo ya gari lake.

Ndani ya chupa mna vitu viwili: oili ya msingi, ambayo ndiyo sehemu kubwa, na kemikali za nyongeza. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, imezipanga oili za msingi katika makundi matano. Kundi la kwanza na la pili ni mafuta ghafi yaliyosafishwa, na ndiyo oili za kawaida. Kundi la tatu nalo linaanzia kwenye mafuta ghafi, lakini hupitishwa kwenye haidrojeni kwa joto kali na shinikizo kubwa mpaka molekuli zake zinabadilika umbo, na salfa inayobaki haizidi asilimia 0.03. Kundi la nne, linaloitwa PAO, hujengwa kiwandani kwa kuunganisha molekuli ndogo zitokanazo na ethilini. Kundi la tano ni zote zilizobaki, esta zikiwamo.

Zamani sintetiki ilimaanisha kundi la nne na la tano tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Mobil ililalamika huko Marekani kwamba Castrol inauza oili ya kundi la tatu kwa jina la sintetiki. Shauri lilipelekwa kwenye chombo kinachopima ukweli wa matangazo ya biashara, na mwaka 1999 Castrol ikapewa haki. Tangu hapo oili nyingi zinazouzwa duniani kama sintetiki kamili zimetengenezwa kwa kundi la tatu, ingawa Ujerumani imeendelea kuwa kali zaidi juu ya matumizi ya jina hilo. Sioni sababu ya mnunuzi wa kawaida kuhangaika na jambo hili. Oili ya kundi la tatu iliyochanganywa vizuri hufaulu majaribio yaleyale ya injini, na majaribio hayo ndiyo yanayokuhusu.

Faida ya sintetiki inatokana na molekuli zake kulingana. Oili ya kawaida ina molekuli za kila aina: nyingine nyepesi zinazogeuka mvuke mapema, nyingine zenye nta inayoganda kwenye baridi, nyingine dhaifu zinazoungua na kuacha tope jeusi. Maabara hupima upotevu wa mvuke kwa kuipasha oili nyuzi 250 za Selsiasi kwa saa moja, kisha kuangalia kiasi gani kimetoweka. Viwango vya ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya, kwa magari madogo haviruhusu zaidi ya asilimia 13. Oili inayogeuka mvuke haiondoki bila madhara, kwa sababu hupitia kwenye mfumo wa hewa na kuacha utando juu ya valvu, na wewe unaanza kujiuliza kwa nini kila baada ya muda lazima uongeze nusu lita.

Mahali ambapo tofauti huonekana waziwazi ni kwenye turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, huku upande wake mmoja ukipigwa na moshi wa moto wa ekzosi. Ukizima injini ghafla baada ya kupanda mlima mrefu, pampu ya oili husimama na joto lile lote hubaki pale. Oili dhaifu huungua na kugeuka magamba magumu meusi yanayoziba kitundu cha kuletea oili. Kwa gari lenye turbo, basi, sintetiki si anasa hata kidogo.

Sasa tuje kwenye namba. Chukua 5W-30. Herufi W ni ya majira ya baridi, na namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyojimudu kwenye baridi kali: oili ya 0W hupimwa kwa nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 5W kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa anayeishi penye joto mwaka mzima, tofauti ya 0W na 5W ni ndogo, asiipoteze akili yake hapo. Namba ya pili ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Hiyo inaeleza uzito wa oili, yaani mnato wake, injini ikiwa imeshapata moto wa nyuzi 100: oili ya 20 huwa na mnato wa 6.9 hadi chini ya 9.3, ya 30 huanzia 9.3, na ya 40 huanzia 12.5 hadi chini ya 16.3, kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde.

Hapa ndipo ushauri wa mtaani unapoharibu injini nyingi. Utaambiwa gari limezeeka, litie oili nzito. Injini ya kisasa imepimwa nafasi kati ya beringi na krenki kwa sehemu ndogo sana za milimita, na mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka huendeshwa kwa shinikizo la oili hiyohiyo, kupitia vijia vyembamba vyenye wavu mdogo. Ukitia 20W-50 kwenye injini iliyosanifiwa kwa 0W-20, oili huchelewa kufika juu asubuhi, mfumo wa valvu huchelewa kuitika, na taa ya injini inaweza kuwaka bila kifaa chochote kufa. Ukitia nyepesi kuliko inavyotakiwa nako kuna hatari, kwa kuwa utando unaotenganisha vyuma hukatika pale mzigo unapozidi. Vitabu vingi vya gari hutoa uzito zaidi ya mmoja kulingana na hali ya hewa. Chagua ndani ya hizo.

Baada ya uzito, tazama daraja. Kwa injini za petroli API hutumia herufi S ikifuatiwa na nyingine, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya: SN ilikuja mwaka 2010, SP mwaka 2020. Kwa dizeli herufi ya kwanza ni C, kama CI-4 na CK-4. SP hupimwa dhidi ya tatizo linalowahusu moja kwa moja wenye injini ndogo za petroli zenye turbo na zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Injini hizo zikikanyagwa kwa nguvu zikiwa kwenye mzunguko mdogo, mchanganyiko huweza kuwaka kabla ya plagi kutoa cheche, na mlipuko huo una nguvu ya kuvunja pistoni. Watafiti waligundua kwamba kemikali za kusafisha zenye kalsiamu nyingi huchochea hali hiyo, ndiyo maana watengenezaji wengi wa oili wamepunguza kalsiamu na kuweka magnesiamu. Gari la namna hiyo lisitiwe SL wala SM eti kwa sababu chupa imeandikwa sintetiki.

Wenye dizeli yenye chujio la masizi kwenye ekzosi watafute daraja C la ACEA, kwa mfano C3. Kemikali za nyongeza zikiungua huacha majivu, na majivu hayo, tofauti na masizi, hayachomeki tena; hujaza chujio mpaka linaziba. C3 hairuhusu majivu kuzidi asilimia 0.8, wakati A3/B4, daraja jingine la ACEA, inaweza kufika 1.6. Upande wa pili, oili ya majivu machache huwa na akiba ndogo ya kupambana na asidi, kwa hiyo ukitumia dizeli yenye salfa nyingi, punguza kilomita kati ya huduma moja na nyingine.

Kisha kuna vibali vya watengenezaji wa magari: MB 229.5, VW 504 00, BMW Longlife-04 na vingine. Soma kitenzi kilichotumika. Chupa ikisema oili "imeidhinishwa" kwa MB 229.5, maana yake Mercedes-Benz wameikubali wao wenyewe. Ikisema "inafaa" au "inakidhi mahitaji ya", hiyo ni kauli ya muuzaji. Inaweza kuwa kweli, lakini hakuna aliyeithibitisha kwa niaba ya mwenye gari. Mercedes-Benz wana orodha ya oili walizoziidhinisha kwenye intaneti, na API nao wana orodha ya kampuni zenye leseni ya kutumia alama yao ya duara. Dakika chache za kutafuta huko zitakuepusha pia na oili bandia. Na chupa tupu ya oili yako itoboe kabla ya kuitupa, isije ikajazwa tena na mtu mwingine.

Kuhusu kilomita, sintetiki hukaa muda mrefu zaidi, lakini usivuke kilichoandikwa kwenye kitabu. Ukurasa unaosahaulika ni ule wa matumizi magumu: safari fupi fupi, vumbi, kuvuta mizigo, kukaa kwenye foleni. Gari likiwa limesimama kwenye foleni injini inaunguruma na oili inachoka, huku kilomita haziongezeki hata moja. Kwenye safari fupi petroli na maji ya mwako huingia kwenye oili na hayapati joto la kutosha kuyafukuza. Ukifungua mfuniko wa juu utaona ute wa rangi ya maziwa. Kwa matumizi kama hayo, mara nyingi kitabu hukata kilomita hadi nusu, na hata gari lisilotembea sana libadilishwe oili angalau mara moja kwa mwaka. Filta ibadilishwe kila mara. Kutia oili mpya na kuacha filta chakavu ni kuichafua siku hiyohiyo.

Wengi huogopa kwamba sintetiki huleta kuvuja, au kwamba ukianza nayo huwezi kurudi nyuma. Oili zenye leseni ya API hutakiwa kuchanganyika zenyewe kwa zenyewe bila kudhuriana, kwa hiyo ukipungukiwa njiani ongeza uliyoipata yenye uzito uleule na daraja linalofaa. Ubora utashuka kidogo, injini haitakufa. Kuvuja kunakotokea kwenye gari la zamani mara nyingi hutokana na sili zilizokwisha kukauka, ambazo tope la zamani lilikuwa limeziziba na oili mpya imelisafisha. Tengeneza sili. Na oili kuwa nyeusi si dalili ya kuharibika, hasa kwenye dizeli. Ni ushahidi kwamba inabeba masizi badala ya kuyaacha yagande.

Oili bora kuliko zote haisaidii ikiwa kidogo. Egesha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika kama tano oili ishuke, chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena ndipo usome. Alama ya oili iwe kati ya chini na juu. Kwenye magari mengi umbali kati ya alama hizo mbili ni kama lita moja. Usijaze kupita juu, kwa sababu krenki itaipiga oili mpaka itoe povu, na povu halilainishi chuma. Fanya hivi kila baada ya wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu.

Oili iliyomwagwa usiichanganye na petroli wala maji ya rejeta. Iweke peke yake kwenye chombo chenye mfuniko na uipeleke gereji au kituo kinachoikusanya, kwani ikiwa haijachanganywa huweza kusafishwa upya ikawa tena oili ya msingi.