Je, wajua kwa nini mguu uliopata nafuu ya polio huweza kudhoofika tena miaka 30 baadaye?

Polio huua seli za neva, na seli hizo zikishakufa hazioti tena. Hata hivyo, watoto wengi waliopooza mguu walianza kuukanyagia baada ya miezi kadhaa. Nguvu hiyo ilitoka wapi, na kwa nini baadhi yao huipoteza tena ukubwani?

Kati ya watu 200 walioambukizwa kirusi cha polio, takriban mmoja ndiye hupooza. Kwake yeye kirusi hufika ndani ya uti wa mgongo na kushambulia niuroni mota, yaani seli za neva zinazoamuru misuli. Kila niuroni mota ina mkia mrefu uitwao aksoni, unaoshuka hadi kwenye msuli na kugawanyika vijitawi, kila kijitawi kikishika unyuzi mmoja wa msuli. Kwenye misuli ya jicho, niuroni moja huhudumia nyuzi chache tu. Kwenye shavu la mguu, zinaweza kuzidi 1,000. Niuroni ikifa, nyuzi zake hubaki yatima: zi hai, ila hazina wa kuziamuru, na zisipopata mlezi husinyaa.

Walezi hutoka jirani. Seli za Schwann, ambazo hufunika ncha za neva, hurefusha mikono yake kutoka kwenye nyuzi yatima hadi kwenye ncha za neva zilizosalimika. Aksoni za jirani huchipua, na chipukizi hutambaa juu ya mikono hiyo hadi kwenye unyuzi ulioachwa. Chipukizi kikifika, huanza kumwaga asetilikolini, kemikali inayouambia msuli ujikunje, na unyuzi hufanya kazi tena. Niuroni moja huweza kuishia na nyuzi mara 5 ya zile ilizokuwa nazo, au hata zaidi.

Unyuzi uliolelewa hubadilika pia. Mwaka 1960, wanasayansi Buller, John Eccles na Rosamond Eccles waliunganisha kwa paka neva ya msuli wa kasi na msuli wa polepole, na ule wa polepole ukaongeza kasi: neva ndiyo huamua aina ya unyuzi, hivyo nyuzi zilizolelewa na niuroni moja hufanana. Ndiyo maana kipande cha msuli wa aliyeugua polio, kikitazamwa kwa hadubini, huonyesha nyuzi za aina moja zimekaa makundi makundi, wakati kwa kawaida huchanganyikana.

Lakini kulisha vijitawi vyote hivyo ni kazi nzito kwa seli moja. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba baada ya miongo niuroni hizi huanza kuachia baadhi ya vijitawi, na uzee nao hupunguza niuroni zilizobaki. Nyuzi huwa yatima mara ya pili, na safari hii walezi ni haba. Hali hii huitwa sindromu ya baada ya polio, na huanza miaka 15 au zaidi baada ya ugonjwa. Haiambukizi, si uvivu, na wala hakuna aliyerogwa.

Polio ya asili ilitangazwa kutokomezwa Afrika tarehe 25 Agosti 2020, lakini walioipata utotoni bado tunaishi nao. Mwenye dalili hizi amweleze daktari kwamba aliwahi kuugua polio, maana madaktari wengi vijana hawajawahi kumwona mgonjwa wake. Mazoezi mepesi yenye mapumziko humfaa; ya kujichosha hadi mguu utetemeke huweza kumzidishia udhaifu.