Ndege “ya bure” ndani ya ofa ya meli: yanayosemwa na yalivyo

Shangazi yangu yuko Minnesota mwaka wa ishirini sasa. Alipofikisha miaka sitini na tano akasema lazima apande meli ya kitalii: siku kumi, Athens hadi Barcelona. Akaniita jikoni kwake. Chai ya tangawizi mezani, karatasi ya ofa imekunjwa mara nne, na maneno mawili ameyazungushia kalamu nyekundu: ndege bure.

“Haya, wewe msomi wa maandishi madogo,” akasema, “nisomee.”

Tulisoma mpaka chai ikapoa. Haya ndiyo aliyokuwa akiyaamini yeye na wenzake wa kanisani, na jinsi mambo yenyewe yalivyo.

“Ndege ni bure.”

Hapana. Kampuni ya meli hununua nauli kwa wingi, kisha huzichanganya na bei ya kabini. Ukitaka kujua umelipa ngapi, muulize wakala swali moja: meli peke yake, bila ndege, ni bei gani? Kwa shangazi, ofa nzima ilikuwa dola 4,200, na meli peke yake 3,500. Basi tiketi yake “ya bure” ilikuwa ya dola 700. Angekuwa New York, penye ndege nyingi za kwenda Ulaya, huenda angepata mwenyewe kwa chini ya hapo. Kutoka Minneapolis, huko kwake Minnesota, kwa tarehe zake, nilipata 980.

Wakala akikwambia kwamba ukiikataa ndege bei haishuki hata senti, jua umeshailipia. Kuikataa ni kulipa mara mbili, labda kama ratiba yao haivumiliki kabisa.

Tena ofa hizi huhesabu miji maalumu ya kuondokea. Mtu wa Portland, Maine, walikojaa Wakongomani, aangalie kama uwanja wake umo kwenye orodha au itabidi apande basi mpaka Boston. Na ukitaka mama ajiunge nawe kutoka Nairobi au Dar, ofa inayouzwa Marekani kwa kawaida haimhusu. Yeye mnunulie meli peke yake, na ndege yake mbali.

“Nikipanda ndege yao, meli itanisubiri.”

Hii ndiyo hatari kuliko zote, na ndiyo inayoaminiwa zaidi. Meli imelipia gati kwa saa, rubani wa bandari ameshapangiwa, na bandari ya kesho nayo ina zamu yake. Husubiri mara mojamoja, hasa ndege moja inapochelewa na abiria wengi wa meli hiyo wamo ndani. Lakini uamuzi ni wao, wewe huwezi kuwadai.

Unachopata kwa kupitia kwao ni ofisi inayojua kwamba umechelewa na, katika mipango mingi, inayokutafutia njia ya kuikuta meli mbele ya safari. Soma nani analipia njia hiyo. Usidhani pia kwamba bandari yoyote ya mbele itafaa. Marekani ina sheria ya mwaka 1886 inayoikataza meli yenye bendera ya nje kumchukua abiria bandari moja ya Marekani na kumshushia nyingine bila kupita bandari ya mbali ya nchi ya kigeni. Meli kubwa za kitalii karibu zote ni za bendera za Bahamas, Panama, Malta na kadhalika. Kwa hiyo aliyeachwa Seattle kwenye safari ya kwenda Alaska na kurudi Seattle anaweza kuifuata meli hadi Juneau, huko Alaska, akasimama gatini na sanduku lake, na bado akakataliwa kupanda, kwa sababu angepandia bandari moja ya Marekani na kushukia nyingine.

Kinga yake ni kufika siku moja kabla. Na hapo ndipo ofa inapobana, kwa sababu tiketi ya ndani mara nyingi inakufikisha asubuhi ya siku ileile ya kung’oa nanga. Ukitaka kutangulia unalipa ada ya kubadilisha tarehe, na mara nyingi unapoteza basi la kutoka uwanja wa ndege hadi melini.

“Basi la bandarini ni kitu kidogo.”

Inategemea bandari. Meli “ya Roma” iko Civitavecchia, kilomita zipatazo 70 kutoka uwanja wa Fiumicino. “London” mara nyingi ni Southampton, zaidi ya kilomita 100 kutoka Heathrow. “Paris” ni Le Havre, kama kilomita 200 huko. Mkiwa wanne na mizigo, basi hilo lina thamani ya pesa za kuhesabika, liingize kwenye hesabu. Kwa shangazi halikuwa na uzito: tangu 2022 metro ya Athens inatoka uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Piraeus, bandari ya Athens.

“Tiketi ni tiketi, hata akinunua nani.”

Ratiba ya kwanza waliyomletea ilikuwa hivi: kuondoka saa kumi na mbili alfajiri, kubadilisha ndege mara mbili, na mara ya pili dakika hamsini na tano tu, kwenye uwanja ambao ndipo pia pasipoti inakaguliwa. Mama wa miaka sitini na tano mwenye goti bovu.

Nikalipigia simu shirika la ndege. Wakasema niongee na aliyetoa tiketi. Ofisi ya meli nayo ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. Ungenunua mwenyewe moja kwa moja kwa shirika la ndege nchini Marekani, siku saba au zaidi kabla ya safari, ungekuwa na saa 24 za kufuta bila kukatwa, au za kushikiliwa bei kabla hujalipa. Kupitia meli, hata kuijua ndege yenyewe unaweza kungoja mpaka zibaki wiki chache. Maili nazo, yaani pointi za zawadi za shirika la ndege, zinategemea daraja la nauli, na nauli za jumla zinaweza kukupa kidogo.

Ila msizichanganye zote. Mipango ya kampuni za meli kama Air2Sea ya Royal Caribbean au EZair ya Princess inakuonyesha ndege na bei, unachagua mwenyewe. Hiyo ni duka la tiketi, haifanani na ndege iliyofungwa ndani ya ofa.

“Nitanunua ya kwenda, halafu ya kurudi.”

Kuvuka Atlantiki, tiketi ya kwenda tu inaweza kukaribia bei ya kwenda na kurudi. Anayeshukia mji mwingine atafute tiketi moja ya miji mingi: nenda Athens, rudi kutoka Barcelona. Ile 980 niliipata hivyo.

“Mambo ya viza watayaangalia wao.”

Hawaangalii. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, hata kama ana grini kadi, anahitaji viza ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kushuka Athens. Meli ikipita Uturuki kisha ikarudi Ugiriki, viza iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Na ukipandia meli Istanbul, halafu ofa ikakupitisha Frankfurt kisha Athens, tayari umeingia Schengen hata kama umebadilisha ndege tu.

“Meli ikifutwa, ndege nayo watarudisha pesa.”

Zikiwa zimenunuliwa pamoja, unamdai mtu mmoja, na Uingereza kifurushi cha namna hiyo kinakuwa chini ya kinga ya ATOL, mpango wa huko wa kulinda pesa za wasafiri kampuni ikifilisika. Tiketi uliyojinunulia ni jambo jingine. Ndege ikiruka kama kawaida na meli haipo, shirika la ndege halina kosa. Machi 2020 meli ziliposimama, wako waliobaki na vocha mkononi.

Shangazi alichukua ofa. Alilipa ada ya kutangulia siku moja, akapata ndege ya kuunganisha mara moja tu, na basi likaondolewa. Hata baada ya ada ilikuwa chini ya 980. Alinipigia simu akiwa Piraeus, amefurahi na metro. Kisha akataka kujua kwa nini, baada ya kusoma maandishi madogo yote yale, sikumwambia kwamba angekaa saa kumi kwenye kiti cha katikati.