Si kila chenye pembe nne ni mraba

Juzi nilimsikia mama mmoja akimwonyesha binti yake mdogo mlango wa nyumba na kumwambia kwamba ule ni mraba, na muda si mrefu daftari nalo likawa mraba, kisha ikafuata kanga iliyoanikwa uani. Sikumkatiza, kwa kuwa si adabu kumsahihisha mzazi mbele ya mwanawe, lakini kosa hilo nimelisikia mara nyingi mno, na si kwa wazazi peke yao.

Maana yenyewe ni fupi. Mraba ni umbo bapa lenye pande nne zilizolingana urefu na pembe nne za nyuzi 90. Likikosekana sharti mojawapo, umbo hilo si mraba. Mstatili unadai pembe hizo za nyuzi 90 peke yake, bila kujali kama pande zote nne zinalingana.

Lawama, hata hivyo, isiwaangukie wasemaji tu, kwani neno lenyewe linawapotosha. Mraba limetokana na neno la Kiarabu murabba', ambalo kiini chake ni nne, na ndugu zake tunao kila siku katika robo na arobaini. Kwa asili, basi, neno hili linahesabu tu, wala halisemi lolote kuhusu pande kuwa sawa. Na tunapomwita mtu mwenye kifua kipana kuwa ni wa miraba minne, hatumaanishi kwamba kuna aliyempima. Kiambishi mu- cha Kiarabu kiliangukia pazuri katika ngeli yetu ya m-/mi-, ndiyo maana tunasema miraba bila kusita, kana kwamba neno lilizaliwa hapa. La ajabu ni kwamba umbo la pande tatu hatukuliazima kwa njia hiyo hiyo. Kiarabu kina muthallath, na mzizi wake tunao katika theluthi na thelathini, lakini sisi tulichukua pembe na tatu tukaunda pembetatu, neno ambalo mtoto analielewa kwa kulisikia tu. Mraba halina msaada huo: mtoto asiyeelezwa atakisia, na mzazi naye hukisia.

Mkanganyiko huongezwa na hesabu zenyewe. Pembe ya nyuzi 90 huitwa pembemraba, kwa hiyo mstatili una pembemraba nne na bado si lazima uwe mraba. Vilevile kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina mita za mraba 600, ingawa hakina umbo la mraba, kwa sababu kinachohesabiwa hapo ni vijiraba vya mita moja kwa moja vinavyoweza kukijaza. Ubao wa drafti ni mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa wenyewe ni mraba na ndani yake mna miraba midogo 64.

Mstatili nao unatokana na mustatil, yaani kilichorefuka, na jina hilo linakubaliana na Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ambaye zaidi ya miaka 2,200 iliyopita alilitenga umbo refu lenye pembemraba na mraba. Wanahisabati wa leo wameacha utengano huo na kuuhesabu mraba kuwa aina ya mstatili. Mtoto wa chekechea hahitaji mjadala huu, lakini ni vizuri asikaririshwe kwamba mstatili ni lazima uwe na pande mbili ndefu na mbili fupi, kwa sababu atakapofika madarasa ya juu atalazimika kuyafuta aliyoyashika. Tena mraba usichorwe kila mara ukiwa umelala juu ya upande wake; ukisimamishwa kwa kona, watoto wengi huuita almasi au kishada, ingawa hakuna kilichobadilika ila mkao.

Anayetaka kuionyesha tofauti na achukue karatasi ya daftari, aikunje kutoka kwenye kona moja mpaka upande mfupi ulale juu ya upande mrefu, kisha akikate kipande kilichobaki bila kufunikwa. Karatasi ikikunjuliwa ni mraba, na kile kipande kilichokatwa ndicho kilichokuwa kikiifanya isiwe mraba.

Yule mama hakuwa mbali na ukweli. Kwa mlango, daftari na kanga, neno alilokuwa akilitafuta ni pembenne, ambalo tunalo, linaeleweka na linatosha kwa umbo lolote la pande nne. Na kama angependa kuwa mahususi zaidi, vyote vitatu ni mistatili.