ISSN si muhuri wa ubora wa jarida

Waandishi wengi wa makala na insha huamini kwamba jarida lenye ISSN, yaani namba ya kimataifa ya machapisho ya mfululizo kama majarida, limekaguliwa na kuthibitishwa, hivyo ni salama kulipelekea kazi. Imani hiyo inaeleweka, kwani namba ile huchapwa jaladani na huonekana rasmi.

ISSN ni namba ya utambulisho. Ina tarakimu 8. Ya mwisho, ambayo wakati mwingine huwa herufi X, husaidia kugundua kama namba imekosewa. Kazi ya ISSN ni kutofautisha chapisho moja na jingine, hata yakiwa na jina moja. Wanaoitoa hawapimi ubora wa makala. Hata magazeti ya kila siku huwa nayo.

Kwa maoni yangu, kipimo bora ni kusoma matoleo mawili matatu yaliyopita, bila haraka. Je, yamehaririwa? Kisha waandikie wahariri waliotajwa, kupitia anwani za huko wanakofanyia kazi, uwaulize kama kweli wamo. Wapo ambao majina yao huwekwa bila wao kujua. Ahadi ya kukubali makala kabla haijasomwa ni onyo. Ada ya kuchapishiwa makala peke yake si ushahidi wa utapeli, kwa kuwa majarida kadhaa ya kitaaluma yanayoheshimika hutoza, ila hutaja kiasi waziwazi kabla hujatuma kazi yako.