Droni kupanda miti milimani: maneno ni mengi, kazi yenyewe iko hivi

Kila ikizunguka video ya droni inamwaga mbegu mlimani, komenti zinajaa "misitu inarudi sasa". Droni nazipenda sana, ila kuna mambo yanaongelewa kirahisi mno.

"Droni inapanda miti." Hapana, inadondosha mbegu, basi. Haichimbi shimo, haifukii, na mbegu ikitua juu ya jiwe au kwenye nyasi nene haijagusa udongo, panya na ndege wanaona wameandaliwa chakula, halafu kwenye mteremko mkali mvua kubwa ya kwanza tu inaikokota mpaka korongoni. Ndo maana watu wanazivika mbegu. Kenya kuna Seedballs Kenya, tangu 2016 wanachukua vumbi la mkaa lile linalobaki kwa wauzaji, wanaligandisha na wanga kidogo, mbegu inakaa katikati, ukikishika ni kijidonge cheusi kinachafua vidole. Wadudu na panya hawakipendi, kinatulia pale chini mpaka mvua ije kilainike mbegu itoke. Wazo zuri kabisa, ila kijidonge hakizuii mbuzi, wala haking'oi nyasi zinazounyima mche mwanga.

"Mbegu milioni ni miti milioni." Hii ndo inayoniudhi zaidi. Mbegu ikimwagwa moja kwa moja, iwe kwa droni au kwa mkono, nyingi hazifiki mbali, na watu wa misitu wanalijua hilo toka zamani ndo maana kuna vitalu. DroneSeed, kampuni ya Seattle, Marekani, ilivuma sana kwa droni zake, 2021 ikanunua kampuni ya mbegu na miche, baadaye ikabadili jina ikawa Mast Reforestation na nguvu ikahamia kwenye miche. Halafu siyo kila mbegu inakubali. Mgunga una mbegu yenye ganda gumu inakaa miaka, lakini Prunus africana, mti wa misitu ya milimani huku kwetu, mbegu yake inakufa mapema, ukiiweka stoo kusubiri kibali cha kurusha droni umeshaikosa.

Kwamba teknolojia hii ni mpya? Honolulu, kule Hawaii, walishamwaga mbegu kwa ndege kwenye milima iliyoungua mwaka 1930 huko.

"Droni inafika popote." Kwenye mita 3,000 hewa ni nyepesi, uzito wake kama robo tatu tu ya hewa ya pwani, kwa hiyo propela zinahangaika na betri inaisha chap, na hizi droni kubwa za shambani hata pwani zikibeba mzigo kamili zinakaa angani dakika chache tu. Maana yake kuna watu lazima wapande na betri, jenereta na magunia ya mbegu mpaka karibu na huo mteremko "usiofikika", wawahi kabla ukungu haujashuka.

"Mlima ukiungua tupeleke droni." Kilimanjaro iliungua Oktoba 2020, kilomita za mraba kama 95 hivi, na mtafiti Andreas Hemp alishaandika tangu 2005 kwamba moto ndo unaosukuma mpaka wa juu wa msitu kushuka. Sasa moto usipodhibitiwa unamwaga mbegu ili ziungue tena? Sehemu nyingine ukizuia moto na mifugo tu msitu unajirudia wenyewe, bure.

Mwisho hili la "watu watakosa kazi". Rio de Janeiro tangu 1986 jiji linawalipa wakazi wa vilimani wapande miti, miche zaidi ya milioni 10, na 2024 wakaongeza droni za kampuni ya MORFO kwa sehemu ambazo mtu anaweza kuteleza akaumia. Droni kwanza inapiga picha watu wajue paoteshwe nini, ndo inarudi na mbegu. Na hizo mbegu za miti ya asili huwezi kwenda tu dukani ukanunua gunia, kuna mtu anaujua mti mama uko wapi na unazaa mwezi gani, anaenda kuziokota, anazisafisha, anazianika kivulini.